Deni, Riba na Mtu Aliyewekwa Rehani: Uhakiki wa Hoja Mbili Kuhusu Pwani ya Kilwa na Lindi

Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, maswahaba zake na wote wanaofuata nyayo zao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.

Kila linapozungumzwa suala la utumwa katika pwani yetu ya kusini, kuanzia Kilwa Kivinje kuteremka Kiswere, Kitomanga na Mchinga mpaka Lindi, mazungumzo huishia kwenye hoja mbili. Hoja ya kwanza inasema: wazee wetu hawakufanya kosa, kwani vitabu vya fiqhi vina milango inayomhusu mtumwa, mtumwa alikuwa mali ya bwana wake, na mali inafaa kuwekwa rehani. Hoja ya pili inasema: madeni na riba vililetwa na wafanyabiashara wa Kihindi, kisha Wazungu wakaja kuyatia chumvi, na Waislamu wa pwani walikuwa wahanga tu.

Hoja ya kwanza husemwa na anayetaka kuitetea Sharia. Ya pili husemwa na anayetaka kuwatetea Waislamu. Nia zote mbili ni njema, lakini nia njema haitoshi kuifanya hoja iwe sahihi. Tunakusudia kuonesha, Inshallah, kwamba hoja ya kwanza inaibebesha Sharia mzigo usiokuwa wake, na ya pili inawavua Waislamu dhamana ambayo Mtume (s.a.w.) mwenyewe amewavisha. Na suala hili si la kihistoria tu. Mkataba uleule ungalipo vijijini mwetu, isipokuwa leo kinachowekwa rehani ni mkorosho.

HALI ILIVYOKUWA

Katika miaka ya 1860 Kilwa Kivinje ilikuwa bandari kubwa kuliko zote za kusafirishia watumwa katika mwambao huu. Makadirio ya wakati ule ni kwamba watu wapatao 20,000 kila mwaka walipita hapo, wengi wao wakitokea upande wa Ziwa Nyasa. Biashara hiyo iliendeshwa kwa mkopo. Mwenye mtaji wa Unguja alimpa mfanyabiashara wa Kilwa au Lindi nguo, shanga na baruti, naye akaongoza msafara bara na kurudi na pembe na watu ili alipe deni. Aliyepata hasara njiani alirudi na deni juu ya deni.

Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash bin Said alitia saini mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa baharini na kufunga soko la Unguja. Biashara haikufa, ilihamia nchi kavu. Frederic Elton, aliyekuwa makamu wa balozi wa Kiingereza, alisafiri kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa mwishoni mwa mwaka huo, na kwa muda wa takriban mwezi mmoja alihesabu watumwa zaidi ya 4,000 wakipitishwa kuelekea kaskazini. Moja ya kazi alizotumwa ilikuwa kuwaachia huru watumwa waliokuwa mikononi mwa Wahindi raia wa Kiingereza. Mwaka 1876 Barghash alipiga marufuku misafara ya watumwa ya nchi kavu. Hapo watu wengi walioletwa pwani walibakia pwani hiihii, wakalimishwa mtama na ufuta katika mashamba ya Kilwa na Lindi.

Wajerumani walipoishika nchi hawakuufuta utumwa. Amri zao za mwaka 1901 zilikataza kumtia mtu utumwani kwa sababu ya deni na zikampa mtumwa njia ya kujikomboa. Amri ya mwaka 1904 ikasema mtoto atakayezwaliwa na mtumwa kuanzia 1906 atakuwa huru. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, chini ya Waingereza.

Katika miaka yote hiyo, mtu kuwekwa dhamana ya deni kulijulikana kwa sura tatu. Ya kwanza: shamba pamoja na watumwa wake huandikwa rehani kwa mkopeshaji, na mwenyewe akabaki nalo. Ya pili: mtumwa mmoja huhamishiwa nyumbani kwa mdai, akamtumikia mpaka deni lilipwe. Ya tatu: mtu huru, mara nyingi mtoto au mpwa, hupelekwa kwa mwenye mali au mwenye chakula kwa ajili ya deni, fidia ya makosa, au njaa. Mtoro bin Mwinyi Bakari, katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichochapishwa na Carl Velten mwaka 1903, anaueleza utumwa, deni na njaa kuwa ni mambo yaliyofungamana. Naye alikuwa Mwislamu msomi, mtu wa pwani, anayesimulia jamii yake. Hivyo hakuna nafasi ya kusema kuwa habari hizi zimebuniwa na wamisionari.

HOJA YA KWANZA: SHARIA ILIRUHUSU

Watu wa pwani yetu ni wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii (r.a.). Kwa hiyo haki ni kuwahukumu kwa vitabu walivyokuwa wakivisoma wao wenyewe, na kilicho mashuhuri zaidi katika hivyo ni Minhaj cha Imam Nawawi. Tukifungua mlango wa rehani tutakuta kweli kwamba mtumwa anatajwa miongoni mwa vitu vinavyowekwa rehani. Wenye hoja ya kwanza wanaishia hapo na kufunga kitabu. Lau wangeendelea kusoma kurasa hizohizo, wangekuta masharti ambayo desturi ya pwani iliyavunja moja baada ya jingine.

Sharti la kwanza linahusu manufaa. Rehani ni kifungo cha kumtuliza mdai kwamba mali yake haitapotea, haikuwekwa ili imzalishie. Imam Nawawi ameeleza kuwa manufaa ya kitu kilichowekwa rehani ni ya mwenye kitu, maadamu hayakipunguzi thamani. Ikiwa mkopeshaji ataweka sharti kwamba manufaa yawe yake, sharti hilo ni batili, na kwa kauli yenye nguvu zaidi rehani yenyewe nayo inabatilika. Sababu iko wazi. Wanazuoni wameafikiana kuwa kila mkopo unaosharitiwa kumletea manufaa mkopeshaji ni riba. Hadithi inayopokewa kwa maana hiyo ina udhaifu katika isnadi yake, lakini hukumu yenyewe imekubaliwa na madhehebu yote.

Chukua mfano. Mtu amekopa riale 30, akampeleka kijakazi wake kwa mdai. Kijakazi yule akatwanga, akachota maji, akalima ufuta kwa miaka minne. Mwaka wa tano mdaiwa akaleta riale 30 kamili na kumchukua mtu wake. Katika daftari hakuna hata senti moja ya ziada, na mdai anaweza kuapa msikitini kwamba hakula riba. Lakini kazi ya miaka minne ilikwenda wapi? Haikupunguzwa katika deni wala haikulipwa ujira. Ziada ipo, imeliwa, na aliyeitoa ni mtu ambaye hakukopa hata pesa moja. Riba ya pwani yetu haikuhitaji kuandikwa, kwa sababu ilikuwa ni jasho la mtu.

Anaweza kusema msemaji: mdai alikuwa akimlisha yule mtumwa, na Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba mnyama aliyewekwa rehani hupandwa na maziwa yake hunywewa kwa ajili ya matumizi anayotumiliwa. Jawabu ni kwamba kwa Mashafii gharama za rehani ziko juu ya mwenye mali, si juu ya mdai. Mahanbali, ambao ndio walioitumia hadithi hii kumruhusu mdai, wameifunga kwa mnyama wa kupandwa na wa kukamwa, na kwa kiasi cha malisho yake tu bila kuzidisha. Nani alikaa Kilwa au Lindi akapima uji wa mtumwa kwa mizani dhidi ya kazi yake?

Sharti la pili linahusu kukabidhi. Qur'an (2:283) inazungumzia rehani iliyokabidhiwa, na kwa Mashafii rehani haiwi lazima mpaka ikabidhiwe. Mashamba yaliyoandikwa pamoja na watumwa wake huku mwenyewe akiendelea kukaa, kuvuna na hata kukopa tena kwa mtu mwingine, hayakuwa na rehani iliyotimia. Ilikuwa karatasi, na karatasi hiyo ikageuzwa kuwa hukumu siku ya kushindwa kulipa.

Sharti la tatu linahusu mwisho wa rehani. Mtume (s.a.w.) amekataza rehani kufungwa, yaani mdai kuimiliki moja kwa moja kwa sababu tu muda umepita. Inauzwa kwa thamani yake, mdai anachukua haki yake, na kinachobaki kinarudi kwa mwenyewe. Desturi ya kusema kwamba aliyewekwa rehani amekuwa wa mdai kwa kuwa siku zimekwisha ni desturi ya zama za ujinga, na ndiyo iliyokusudiwa na katazo hilo.

Sharti la nne linahusu mama na mtoto. Imam Nawawi anasema inafaa kumweka rehani mama bila ya mtoto wake, lakini ikifika haja ya kuuza watauzwa pamoja na thamani itagawanywa. Wanazuoni waliona hatari kwamba deni litatumika kuwatenganisha mama na mwanawe, jambo ambalo Mtume (s.a.w.) amelitolea onyo kali katika hadithi ya Abu Ayyub (r.a.) aliyoipokea Tirmidhi. Wakaiziba njia hiyo. Na suria aliyemzalia bwana wake hauziki, kwa hiyo hawekwi rehani kabisa.

Liko pia swali linalotangulia masharti yote haya: je, huyu aliyeitwa mtumwa alikuwa mtumwa kisheria? Asili ya mwanadamu ni uhuru, na anayedai kinyume chake ndiye mwenye kudaiwa ushahidi. Ahmad Baba wa Timbuktu aliandika risala yake Mi'raj al-Su'ud mwaka 1615 kuwajibu watu wa Tuwat waliouliza juu ya watu waliokuwa wakiuzwa jangwani, akabainisha kwamba kuteka watu kiholela hakuhalalishi kuwamiliki, na kwamba rangi si hoja. Watu wa Ziwa Nyasa waliochomewa vijiji usiku na kufungwa minyororo mpaka Kivinje hawakutekwa katika jihadi ya imamu yeyote. Kwa hiyo hoja ya kwanza inaporomoka kuanzia kwenye msingi wake. Kitu kisichomilikiwa kwa haki hakiuziki, na kisichouzika hakiwekwi rehani.

MPWA ALIYEPELEKWA KWA MWENYE CHAKULA

Sura ya tatu ya rehani ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inamhusu mtu asiyekuwa na shaka ya uhuru wake. Katika makabila ya kusini yanayohesabu ukoo kwa upande wa mama, mjomba alikuwa na kauli kubwa juu ya wapwa zake. Deni la mjomba liliweza kumhamisha mpwa kutoka nyumba yao kwenda nyumba ya mdai. Njaa ilipoingia, wengi walikwenda njia hiyo kwa sababu hawakuona nyingine.

Sharia haikumpa mjomba mamlaka haya. Haikumpa hata baba. Bukhari amepokea kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) hadithi tukufu ambamo Allah (s.w.) anatangaza kuwa atakuwa mgomvi wa watu watatu Siku ya Kiyama, na mmoja wao ni yule aliyemuuza mtu huru akala thamani yake. Anayemweka rehani mtu huru kisha akamwacha amilikiwe kwa deni amemuuza kwa mlango wa nyuma.

Imam Qurtubi, katika tafsiri yake ya aya ya 2:280, ametaja kwamba ilikuwako desturi ya mdaiwa huru kuuzwa kwa deni lake alipokosa cha kulipa, na kwamba aya hii ndiyo iliyoiondoa. Allah (s.w.) ameamuru mwenye dhiki apewe muhula mpaka apate wasaa, na akasema kusamehe ni bora zaidi. Tuzingatie jambo hili kwa makini. Aya ya muhula haikushuka mbali na suala letu, ilishuka ndani yake. Imekuja mara tu baada ya aya za riba (2:275-279), ikiufunga mlango ambao riba humpitishia mtu huru mpaka utumwani. Mwislamu wa Kilwa aliyeisoma aya hii katika sala ya usiku, kisha asubuhi akampokea mtoto wa mwenzake kwa pishi za mtama, aliisoma kwa ulimi tu.

Ama dharura ya njaa, haiwi hoja kwa mpokeaji. Dharura humhalalishia mwenye njaa kula mzoga. Haimhalalishii mwenye ghala kumfanya mwenye njaa awe wake. Wanazuoni wamesema mwenye chakula cha ziada analazimika kumpa aliye katika hatari ya kufa, na akitaka thamani ataidai baadaye kwa bei ya kawaida.

HOJA YA PILI: WALIKUWA WAHINDI NA WAZUNGU

Ni kweli kwamba mitaji mikubwa ya Unguja ilikuwa mikononi mwa Wahindi. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha za Sayyid kwa miongo kadhaa, na Taria Topan aliichukua baada yake, mwaka 1876. Ni kweli pia kwamba balozi Rigby aliwalazimisha Wahindi raia wa Kiingereza kuwaachia watumwa wao mwaka 1860, na bado mikopo kwa dhamana ya mashamba yenye watumwa iliendelea. Mara nyingi riba ilifichwa ndani ya mtaji wenyewe: mtu hupokea kiasi fulani, lakini karatasi ikataja kiasi kikubwa zaidi.

Lakini hoja hii inaficha mambo matatu. Kwanza, wakopeshaji hawakuwa wote watu wa dini nyingine. Taria Topan alikuwa Khoja Ismailia, na ndiye aliyempa mtaji Hamed bin Muhammed, maarufu kwa jina la Tippu Tip, ambaye habari zake mwenyewe alizozisimulia kwa Kiswahili zimejaa hesabu za mali na madeni. Waarabu na Waswahili nao walikopeshana, na rehani ya mpwa kwa chakula haikuhitaji Mhindi wala benki.

Pili, mkopaji aliyepeleka mtu wake alikuwa Mwislamu, mwandishi wa hati alikuwa Mwislamu, na mashahidi walikuwa Waislamu waliotoka kuswali. Muslim amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) amemlaani mla riba, mwenye kuilisha, mwandishi wake na mashahidi wake wawili, na akasema wote ni sawa. Basi hata kama mla riba ni wa dini nyingine, laana iliyobaki inawaangukia watatu wetu.

Tatu, kumtupia Mjerumani lawama zote kunatunyima somo lililomo ndani ya historia yake. Ni haki kumkumbuka Hasan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa Kilwa Kivinje mwaka 1895, kwa ujasiri wa kuupinga utawala wa Wajerumani. Kumkumbuka huko hakutulazimishi kukanusha kwamba misafara ya zama zake ilibeba watu. Na Mjerumani mwenyewe hakuwa mkombozi. Chini ya utawala wake, walowezi walilipa fedha za kuwakomboa watumwa kwa mabwana zao, kisha waliokombolewa wakatakiwa kuzilipa fedha hizo kwa kazi ya mashambani. Mtu alipewa hati ya uhuru mkono mmoja na deni mkono wa pili. Ni rehani ileile, imebadilisha mpokeaji.

WALIYOYAANDIKA WATAFITI

Wasomaji wetu watauliza vitabu gani vya leo vinafaa kusomwa. Tunataja vitatu, na kila kimoja tuna la kukisemea.

Fahad Bishara, katika A Sea of Debt (2017), ameonesha kwa ufundi mkubwa jinsi hati, makadhi na wanazuoni wa Oman na Unguja walivyouendesha ulimwengu wa madeni wa Bahari ya Hindi. Sifa yake kubwa ni kwamba anaichukulia fiqhi kuwa ni elimu inayofanya kazi sokoni. Anaieleza vizuri bei ya khiyari, ambapo mtu humuuzia mkopeshaji nyumba au shamba kwa khiyari ya kulirudisha atakapolipa, na katika muda huo mnunuzi hupata mapato au humpangisha muuzaji mali yake mwenyewe. Katika Hadhramaut mkataba wa namna hii uliitwa bei ya uhda, na katika nchi za Mahanafi bei ya wafaa. Wanazuoni walihitilafiana: wako waliouona ni mauzo ya kweli, na wako waliouona ni hila ya riba. Baraza la Fiqhi la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah cha mwaka 1992, liliamua kuwa bei ya wafaa haifai kwa kuwa uhakika wake ni mkopo unaoleta manufaa. Upungufu wa Bishara kwa msomaji wa kusini ni kwamba macho yake yako Muscat na Unguja, na kwa wenye kuandikishiana mali. Yule aliyeandikwa ndani ya mali haonekani sana.

Jan-Georg Deutsch, katika Emancipation without Abolition in German East Africa (2006), anaujaza upungufu huo kwa upande mmoja. Anaonesha kwamba watumwa wenyewe ndio waliouvunja utumwa kwa kuhama, kujikomboa na kudai masharti mapya, huku serikali ikisitasita. Lakini hasomi fiqhi. Kwake rehani ya mtu ni desturi ya Kiafrika au ni amri ya serikali. Haulizi kama waliohusika walikuwa wakivunja sheria waliyoiamini.

Felicitas Becker, katika Becoming Muslim in Mainland Tanzania (2008), ametuandikia habari za mikoa yetu hii hasa. Kutoka kwake tunafahamu kuwa wanavijiji wa kusini mashariki, wakiwemo waliotoka katika unyonge, waliuingia Uislamu kwa wingi katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20 na kuufanya kuwa wao, pasina kusubiri idhini ya mabwana wa pwani. Hili linapasa kutufariji na kututia haya kwa pamoja. Aliyetendewa dhuluma na Waislamu aliiona haki iliyomo ndani ya Uislamu kabla ya wao kuiona. Na ndiyo maana haifai leo, inapokuja posa, mtu kuchunguza babu wa mwenzake alifika pwani kwa njia gani.

MKOROSHO WA KITOMANGA

Tumeitaja Kitomanga kwa makusudi. Ni kata ya Lindi iliyo upande wa Mchinga, na maisha ya watu wa huko, kama ya jirani zao wote, yanategemea korosho na ufuta. Wakati wa kiangazi kirefu kabla ya mavuno, mwenye mikorosho anahitaji ada, dawa ya kupulizia, au fedha za kumpeleka mgonjwa Lindi. Anayemkopesha humwambia: niachie mikorosho yako, nitavuna mpaka utakaponirudishia fedha zangu. Anavuna msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Deni liko palepale, halikupungua hata shilingi.

Ndugu msomaji, linganisha na kijakazi wa riale 30. Hakuna tofauti katika hukumu. Matunda ya mti uliowekwa rehani ni ya mwenye mti, na mkopeshaji akisharitisha kuyala, amekula riba. Wengi wanaofanya hivi ni watu wa safu ya mbele msikitini, na wanasema hawajawahi kukopesha kwa riba kwa kuwa wanarudishiwa kiasi kilekile.

Iko na kangomba, ununuzi wa korosho nje ya utaratibu, mara nyingi kabla ya msimu na kwa bei ya kumkaba mkulima. Mwaka 2018 serikali iliwasaka sana wafanyabiashara wake, lakini dhiki inayomfanya mkulima auze haikusakwa. Watetezi wa kangomba husema hii ni bei ya salam aliyoiruhusu Mtume (s.a.w.). Ibn Abbas (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kwamba anayelipa kabla afanye hivyo kwa kipimo maalumu, uzito maalumu na muda maalumu. Thamani yote hulipwa hapo hapo, bidhaa husifiwa, wala hazifungwi kwenye mikorosho ya shamba la mtu fulani, kwani inaweza isizae. Anayetoa robo ya fedha, akapima kwa chombo cha kwake na kuandikisha miti yenyewe, hana salam yoyote. Amejiingiza katika onyo la Suratul Mutaffifin. Na huko mijini wapo wanaoshikilia kadi ya benki ya mstaafu mpaka deni liishe, na deni hilo haliishi. Watu wameiita mikopo hiyo kausha damu, na hawakukosea jina.

WAJIBU WETU

Maimamu wetu wana nafasi ambayo mtafiti hana. Wao ndio wanaoitwa kuandika na kushuhudia. Imamu anayeletewa karatasi ya rehani ya mikorosho aulize maswali matatu: nani atavuna, mavuno yatahesabiwa wapi, na muda ukipita itakuwaje? Majibu yakiwa kwamba mkopeshaji anavuna, hayapunguzwi katika deni, na shamba litakuwa lake, basi asiitie mkono wake. Awaelekeze kwenye halali: mkopo mwema ambao mwenye miti anavuna mwenyewe na kulipa, au mavuno yapunguze deni kwa bei ya siku hiyo, au salam iliyotimiza masharti. Musaqat nayo ni njia, ijapokuwa kwa kauli mpya ya Imam Shafii imefungwa kwenye mitende na mizabibu, na wanazuoni wengine wakaipanua kwa miti mingine.

Na zaidi ya kukataza, tutoe. Qur'an (9:60) imewatengea wenye madeni fungu katika zaka. Mtume (s.a.w.) aliletewa jeneza la mwenye deni akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada (r.a.) akalibeba deni lile. Jamaa ya msikiti inayokusanya fedha za mazulia na vipaza sauti, huku mikorosho ya majirani wanne imeshikwa, inapaswa kujiuliza inaanza na lipi.

Wazee wetu waliotangulia tunawaombea maghfira, na walioonewa nao ni wazee wetu vilevile, tunawaombea walipwe haki zao. Kuwaombea wote hakutaki tuite batili kwa jina la Sharia. Sharia ilikuwa upande wa yule kijakazi tangu mwanzo, imeandikwa katika mlango wa rehani, na kitabu kilikuwa rafuni.

Ewe Mola wetu, tutosheleze kwa halali yako tusihitaji haramu yako, na utuepushe na kulemewa na madeni na kushindwa na watu. Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.